Nyumba Isiyodai Kitu: Maoni juu ya Picha ya "Post Grad"

POST GRAD. Picha ya sinema ya kuchekesha. Mwongozaji: Vicky Jenson. Mtungaji: Kelly Fremon. Fox Searchlight, Marekani, 2009.

Mchezo wa kuchekesha usiochekesha ni kitu cha kuhuzunisha kidogo, na wahakiki aghalabu humalizana nacho kwa maneno mawili matatu ya kejeli kisha hugeukia kazi nyingine. Ndivyo ilivyotendewa picha hii ilipotolewa Marekani mwezi wa Agosti, 2009. Kuirudia leo katika kurasa zinazoshughulika na lugha kwahitaji sababu, na sababu ni hii: jambo ambalo picha ililishika mkononi, kisha ikaliacha lianguke, ni kubwa kuliko picha yenyewe. Ni jambo la mtu mzima mwenye shahada anayekaa kwa wazazi wake kwa kuwa hana kazi. Watungaji wetu chipukizi hulichagua mara kwa mara wanapoambiwa watunge kichekesho cha nyumbani, wala hapana ajabu, maana wengi wao wamekwisha kuona kwa kaka na dada zao lile linalowangoja wenyewe. Yafaa basi wajue kwa nini wenzao wa Hollywood, wenye fedha na wachezaji hodari, walishindwa nalo.

Hadithi si ndefu. Ryden Malby, anayechezwa na Alexis Bledel, amemaliza chuo kikuu. Maisha yake ameyapanga zamani: asome vizuri sekondari, apate msaada wa masomo, ahitimu, kisha aajiriwe na Happerman & Browning, wachapaji vitabu wakubwa wa Los Angeles katika hadithi hiyo. Kazi ile yachukuliwa na mshindani wake, Jessica Bard, naye Ryden hana budi kurudi kwa wazazi. Humo yumo baba, Walter (Michael Keaton), mfanyakazi wa duka la masanduku ya safari, ambaye kichwa chake hakikosi mpango mpya wa kupata fedha. Yumo mama, Carmella (Jane Lynch), tunayeonyeshwa kuwa mbanaji wa matumizi. Yumo bibi, Maureen (Carol Burnett), ambaye ameshughulika kujitafutia jeneza. Na yumo mdogo wake, Hunter, mwenye tabia ya kulamba vichwa vya wenzake darasani. Nje ya nyumba wako vijana wawili: Adam, rafiki wa siku nyingi, mpenda muziki aliyekubaliwa kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York; na David Santiago, jirani Mbrazili anayetengeneza matangazo ya biashara ya televisheni. Baba amgonga paka wa jirani kwa gari. Baba akamatwa na polisi kwa sababu ya vifungo vya mikanda vilivyoibwa. Mdogo aingia katika mashindano ya vigari visivyo na injini. Mwishowe Ryden aipata kazi ile ile aliyoililia, naye aiacha ili amfuate Adam.

Msomaji ataona kwamba mambo hayo yaweza kupangwa upya kwa utaratibu wowote, na lolote kati yao laweza kuondolewa pasipo jingine kupungukiwa. Paka angaliweza kufa kabla ya vifungo au baada yake. Ulegevu huo wa mpango ndio uliolaumiwa zaidi, lakini nadhani ni dalili tu ya ugonjwa, ambao uko mahali pengine. Nyumba ya Malby haimdai binti yao kitu. Hadaiwi fedha, hadaiwi kazi ya mikono, hadaiwi hata maelezo. Arudi na mizigo yake, apewa chumba chake cha zamani, na kuanzia hapo hapana mtu amhesabiaye sahani. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ryden hapewi jembe siku ya tatu wala ya thelathini; na kichekesho chote cha mtu mzima anayekaa kwa wazazi wake kimo ndani ya jembe hilo: nani amkabidhi, kwa maneno gani, na mpokeaji aone haya kiasi gani.

Tuchukue mfano wa salamu, kwa kuwa ni jambo lililo karibu nasi. Mtu anayetoka kazini huulizwa "Habari za kazi?" naye hujibu "Nzuri" bila kufikiri. Sasa mweke kibarazani, saa kumi jioni, kijana mwenye shahada ambaye hana kazi kwa mwezi wa nane, na jirani mzee apite akitoa salamu ile ile kwa mazoea tu. Jirani hakukusudia baya. Kijana hawezi kujibu "Nzuri" bila kusema uongo, wala hawezi kusema kweli bila kuvunja adabu ya salamu, ambayo haitaki habari bali huitikia tu. Akijibu "Za kutafuta," mzee atasimama, atatua mfuko wake, na mashauri yataanza. Hapo pana mchezo mzima, haukuhitaji paka wala polisi. Nyumbani ni zaidi. "Umeamkaje?" ya baba aliyevaa viatu tayari kwenda kazini, akimwambia mwanawe aliyejifunga shuka, ni swali jingine kabisa kuliko "Umeamkaje?" ya baba huyo huyo siku ya Jumapili. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni deni lililo kati ya wasemaji. Mtungaji wa kichekesho cha nyumbani kazi yake ni kusikia deni hilo katika maneno ya kila siku, na Post Grad, picha iliyojaa mazungumzo tangu mwanzo hadi mwisho, hailisikii. Hata ubanaji wa matumizi wa mama, ambao ungalikuwa ufunguo wa nyumba nzima, wabaki kuwa tabia ya kupambia tu: mama anayehesabu kila senti hafungui kinywa kusema mdomo ulioongezeka mezani wagharimu nini.

Wanafunzi wetu niliotazama nao picha hii walipewa zoezi la kuifupisha kwa Kiswahili. Mmoja aliandika kwa unyofu, "Alipokosa kazi, Ryden alirudi kwao." Mwenzake akauliza, "Kwani alikuwa ameolewa na nani?" Darasa likaangua kicheko, na ni haki nikiri kwamba kilikuwa kirefu kuliko vile vinne nilivyovihesabu wakati wa kutazama. Kosa la mwandishi lilikuwa la kufundisha. Kwa Kiswahili, kumwambia mwanamke mzima "amerudi kwao" ni kusema kuna ndoa iliyovunjika, isipokuwa maneno mengine yaongezwe kuonyesha vinginevyo. Lugha yetu imegawa nyumba kwa namna ambayo Kiingereza hakikuigawa. Mtu, hata akiwa mtoto wa pekee, husema "nakwenda kwetu". Hasemi "kwangu" mpaka awe na mlango wake mwenyewe, hata mlango huo ukiwa wa chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho vijana wa Dar es Salaam hukiita geto. Anayesema "karibu kwangu" amekwisha kusema, bila kutaja, kwamba yeye ndiye alipaye kodi. Safari ya kutoka "kwetu" hadi "kwangu" ni mahafali ya pili, tena ndiyo magumu zaidi, na hapana joho linalovaliwa siku hiyo.

Kwa Kiingereza neno moja hubeba nyumba ya wazazi na nyumba ya mtu mwenyewe, na hapana shaka jambo hilo huwarahisishia watungaji wavivu kuficha tofauti. Ryden asema anakwenda nyumbani. Hatujui kama ameshindwa au amefika. Picha yapenda tusijue.

Si kwamba lugha nyingine hazina maneno kwa hali hii. Zinayo, tena makali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanachuoni wa Kijapani, Masahiro Yamada, alieneza jina la "parasaito shinguru" kwa vijana wasiooa wala kuolewa ambao huishi kwa wazazi wao. Mwaka 2007 waziri wa Italia, Tommaso Padoa-Schioppa, aliwaita wa nchi yake "bamboccioni", yaani vitoto vikubwa, akazusha ghadhabu nchi nzima. Wafaransa walilipata neno lao katika sinema. Picha ya Étienne Chatiliez iitwayo Tanguy, iliyotoka mwaka 2001, ilipendwa kiasi kwamba jina la mhusika wake likageuka kuwa nomino ya kawaida: hadi leo, kijana asiyetoka kwa wazazi huitwa "tanguy". Ni picha chache za sinema zilizopata heshima ya kuingia katika msamiati, na si bahati. Tanguy ni kijana wa miaka 28, mwenye kipato, mwenye kuandika tasnifu juu ya mambo ya Uchina, mpole, mwenye adabu; na upole wake huo ndio uwatiao wazimu baba na mama yake. Wazazi wamfanyia vitimbi ili aondoke kwa hiari. Wamchokoza usingizini, wamharibia starehe, wabadilisha kufuli. Naye awashitaki mahakamani, ashinda. Ni kichekesho kikatili, na mtazamaji hutoka na aibu kidogo kwa sababu ya kucheka. Lakini kila tendo lazaliwa na lililotangulia, kwa kuwa nyumba ile yadai. Tena Chatiliez alikuwa na busara ya kumaliza hadithi Uchina, ambako Tanguy ameoa na kuishi kwa wakwe zake katika nyumba ya vizazi vingi, wala hapana mtu hapo aonaye ajabu. Tusi la Paris halina maana Beijing.

Kiswahili kina "kudoea", kina "kupe", ambalo katika siasa za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 lilitumika sana kwa wanyonyaji. Walakini maneno hayo huishia kizingitini. Mtu hudoea kwa watu. Kwao hadoei, hata akila sufuria nzima, maana chakula cha kwao ni haki yake. Ndiyo sababu kichekesho cha Kiswahili cha mtu mzima aliye kwa wazazi hakiwezi kuwa nakala ya Tanguy. Kwetu aibu haitoki kwa mwenye nyumba kutaka kukufukuza. Hutoka kwa mwenye nyumba kukukaribisha kwa ukarimu usiokwisha, huku akiwaambia wageni kwamba "huyu anasubiri majibu." Mtungaji wetu aweza kujenga juu ya haki hiyo na uzito wake. Familia ya Malby nayo yamkaribisha binti yao kwa ukarimu, ila ni ukarimu mwepesi, usiomwelemea mtu, nao ukarimu wa namna hiyo ni sawa na hewa.

Sasa nije kwa bibi, kwa kuwa vicheko vitatu kati ya vile vinne vilikuwa vyake. Carol Burnett ni mchekeshaji wa miaka mingi, aliyejipatia jina kwa onyesho lake la televisheni lililoanza mwaka 1967, na mtu angeweza kusema tulicheka kwa ajili ya ufundi wake tu. Nadhani kuna sababu zaidi. Katika jamii zetu nyingi bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", na baina yao husemwa maneno ambayo baba na binti hawawezi kuyasema pasipo mmoja kuondoka barazani. Utani si mzaha wowote. Ni haki yenye mipaka, na una mahali pake maalumu mbele ya mauti: watani ndio wanaoweza kufika msibani wakazuia mazishi mpaka walipwe, wakaigiza marehemu, wakawafanya wafiwa wacheke hali machozi hayajakauka. Bibi anayejichagulia jeneza kwa furaha kama anunuaye kabati ni kitu ambacho hadhira yetu hukitambua mara moja. Amejifanyia utani wa msiba wake mwenyewe.

Ole wake, amepewa jeneza, hakupewa mtani. Mjukuu wake yu katika nyumba ile ile, hana la kufanya mchana kutwa, naye picha haimweki mbele ya bibi ajibizane naye. Fikiri, msomaji, hali yao. Katika nyumba hiyo bibi ndiye mtu pekee mwenye mpango thabiti wa kuhama. Amechagua hata chombo. Binti wa shahada hana tarehe, hana anwani, hana mpango. Nani atatangulia kutoka? Nani anamwonea nani wivu? Fedha za jeneza zatoka wapi, na je, zisingaliweza kulipa kodi ya miezi mitatu ya chumba? Hapo ndipo palipokuwa moyo wa kichekesho, na mtungaji alipita karibu napo mara kadhaa bila kusimama.

Badala yake mazungumzo ya utani yametolewa kwa baba. Michael Keaton hucheza vizuri; kwa hakika ndiye anayeizuia picha isizame mapema. Lakini Walter ni rafiki wa binti yake tangu mwanzo, mwenye mzaha, mwenye kujifedhehesha, asiye na neno la kumkataza. Pasipo heshima hapana cha kuvunjwa, na pasipo kuvunja kitu hapana kicheko, ila tabasamu. Hata polisi wanapomchukua, binti haoni haya iliyo tofauti na haya aliyoiona kabla. Jane Lynch amepewa kazi ndogo kuliko uwezo wake, jambo la kusikitisha, kwa kuwa katika nyumba kama ile mama ndiye ajuaye hesabu zote.

Yafaa tuseme neno juu ya wakati. Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba, 2008. Picha ikatoka Agosti, 2009. Na Oktoba ya mwaka huo ukosefu wa kazi Marekani ulifika asilimia 10. Hapana mtu aliyelazimika kueleza watazamaji kwa nini mhitimu amekosa kazi. Mlango ulikuwa wazi. Lakini katika picha hii Ryden anakosa kazi kwa sababu Jessica Bard ameichukua, kama kwamba kazi ilikuwa moja duniani na mwizi wake anajulikana kwa jina. Hali yenyewe haikupita na mwaka ule. Mwezi wa Julai, 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria kwamba asilimia 52 ya Wamarekani wa miaka 18 hadi 29 walikuwa wakiishi na mzazi au wazazi, kiasi kilichopita hata kile cha asilimia 48 cha hesabu ya watu ya mwaka 1940. Kichekesho chema juu yao kingalikuwa na kazi ya kufanya kwa miaka mingi.

Nisimwonee mtungaji. Kelly Fremon, ambaye baadaye aliandika kwa jina la Kelly Fremon Craig, alitunga na kuongoza mwaka 2016 picha ya The Edge of Seventeen, ambamo msichana aliyefiwa na baba hugombana na mama na kaka yake. Na humo kila neno la nyumbani lina uzito, kwa kuwa kila mmoja humwona mwenzake kuwa na deni la marehemu. Mtu aliyeandika hayo hakukosa masikio. Vicky Jenson naye alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa Shrek, ya mwaka 2001. Vipawa vilikuwapo, kilichokosekana ni ujasiri wa kuiacha nyumba iwe ngumu.

Tena wala haikuwa lazima kutafuta kielelezo ng'ambo ya bahari. Katika The Graduate ya Mike Nichols, iliyotoka mwaka 1967, Benjamin Braddock arudi kwa wazazi wake California na shahada mkononi. Siku alipotimiza miaka 21 wazazi wamvika vazi la mzamiaji, zawadi ya ghali, na kumtembeza mbele ya wageni hadi kwenye bwawa la kuogelea. Naye, ndani ya kofia ile ya kioo, hasikii kitu ila pumzi zake. Wazazi wale hawamdai fedha hata kidogo. Wamdai afurahi mbele ya watu, na deni hilo latosha kumzamisha. Watazamaji hucheka, na wakati huo huo hushikwa na pumzi.

Picha hizo mbili zafanana hata mwishoni, kwa kuwa katika kila moja kijana auacha mpango wa maisha na kukimbilia mapenzi. Benjamin na Elaine wapanda basi wakicheka. Nichols haondoi kamera, na kicheko chafifia nyusoni mwao mpaka tuone wamekwisha kuanza kujiuliza waendako. Ryden afika New York mlangoni kwa Adam, baada ya kuitupa kazi aliyoitafuta tangu dakika ya kwanza, na muziki waturuhusu kuondoka vitini. Adam ni mwanafunzi. Kodi ya chumba kile italipwa na nani, picha haisemi.